Kuchonga SM.79 kwa Mbao, Skeli ya 1/50: Mwongozo kwa Mafundi wa Lamu na Malindi

Fundi anayeweza kuchonga jahazi la mapambo anaweza kuchonga ndege hii. Kinachowaangusha wengi ni umbo lake: injini tatu, nundu mgongoni, kifuko tumboni, na mkia mrefu ambao kwenye picha huonekana mnene kuliko ulivyo. Mtu akichonga kwa kukisia hupata ndege ya kawaida iliyobandikwa vinundu. Kila uvimbe wa SM.79 una sababu, na mwenye kuijua sababu hapati tabu kujua mbao ibaki wapi na iondoke wapi. Basi tuanze na ndege yenyewe.

Savoia-Marchetti SM.79, iliyopewa jina la Sparviero, ilisanifiwa na Alessandro Marchetti iwe ndege ya abiria ya mwendo wa kasi. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1934. Ilikusudiwa mashindano ya London hadi Melbourne ya mwaka huo, ila haikuwahi. Jeshi la anga la Italia likaitaka iwe ndege ya mabomu, na hapo ndipo umbo lilipobadilika. Kwa kuwa injini ya tatu ilikwisha kukaa puani, mlenga mabomu hakuwa na mahali pa kukaa mbele. Akatengenezewa kifuko chini ya tumbo. Ilipohitajika bunduki ya rashasha ya kupiga mbele, haikuweza kupita kwenye injini ya pua. Ikawekwa juu ya chumba cha marubani, na nyuma yake ikawekwa nyingine ya kulinda mgongo. Paa lililofunika bunduki hizo mbili ndilo nundu. Mabomu nayo hayakulazwa. Yalisimamishwa wima ndani ya kiwiliwili, upande wa kulia wa mstari wa kati, ili wahudumu wapate njia ya kupita kwenda nyuma. Kwa hiyo ukichora milango ya mabomu chini ya tumbo, usiichore katikati.

Ilipigana Hispania. Agosti 1937, SM.79 zilizoondolewa silaha zilishika nafasi tatu za kwanza katika mashindano ya Istres, Damascus na Paris. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na SM.79 ikawa ndege yake kuu ya mabomu na ya torpedo, yaani kombora la kupiga meli linalokwenda majini, katika Bahari ya Kati. Zaidi ya 1,200 ziliundwa. Zilizobaki nzima ni mbili tu, moja katika makumbusho ya jeshi la anga ya Vigna di Valle na nyingine katika makumbusho ya Caproni, Trento. Zote mbili zilitoka Lebanoni, iliyozinunua baada ya vita. Picha za hizo mbili ndizo rejea bora ya mchongaji, maana zimepigwa kutoka kila upande.

Kuna jambo la kuangalia katika maandishi ya kibao cha jina la ndege. Ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi mwaka 1940, na wauzaji hupenda kuandika kwamba "hii ndiyo iliyopiga Malindi". Usiandike hivyo. Italia ilikuwa na aina kadhaa za ndege za mabomu Afrika Mashariki, zikiwemo Caproni Ca.133 na SM.81, na SM.79 zilikuwa chache. Andika jina la ndege, mwaka wake na skeli. Wageni wa Kitaliano wa Malindi, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa kitu kama hiki, wanazijua ndege zao, na maandishi ya uongo huwafanya watilie shaka hata kazi nzuri.

Vipimo na mchoro

Tumechagua 1/50 kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: mita 1 ya ndege ni milimita 20 za mbao. Mabawa yalikuwa mita 21.2 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo ni milimita 424. Urefu wa mita 16.2 ni milimita 324. Tafuta mchoro wa pande tatu, yaani wa juu, wa ubavuni na wa mbele. Uchapishe ukikuzwa mpaka mabawa yasome 424 kwa rula, kisha upime urefu. Ikiwa urefu hausomi karibu na 324, mashine ya kuchapisha imeuvuta mchoro upande mmoja, utupe.

Ukaguzi wa pili ni wa eneo. Bawa lote, pamoja na sehemu inayopita chini ya kiwiliwili, lilikuwa mita za mraba 61.7. Kwa skeli yetu ni kama sentimita za mraba 247. Weka mchoro juu ya karatasi ya miraba uhesabu. Ukipata 220 au 280, aliyechora alikisia.

Hakikisha pia mchoro ni wa ndege unayoitaka. Ipo SM.79B yenye injini mbili na pua ya vioo, iliyouzwa nchi za nje kama Iraki na Rumania. Ipo SM.81, ndugu yake, ambaye magurudumu yake hayakunjwi. Na toleo la mwisho la torpedo liliondolewa kifuko cha tumboni. Ukiona mchoro umeandikwa S.79, usihangaike, ni ndege ileile.

Mbao

Kiwiliwili: mwembe mkavu au saipras, vipande viwili vya inchi 1 kwa 3, kila kimoja milimita 345. Bawa: saipras, inchi 1 kwa 4, vipande viwili vya milimita 220, ukivipiga randa vibaki unene wa milimita 18. Mkia: plaiwudi ya milimita 4. Vifuniko vya injini: kijiti cha mwembe kilichokerezwa. Mbambakofi na mvule ni mbao nzuri, ila ni nzito na hazipendi kingo nyembamba za bawa. Ziweke kwa kitako.

Mwembe una adui wawili, vidudu na ukungu wa buluu. Chagua kipande kisicho na vitundu wala unga, na usichukue sehemu ya karibu na gome. Mbao yoyote utakayonunua, ipange ndani ya nyumba kwa vijiti katikati yake ili hewa ipite, mbali na ukuta wa mawe ya matumbawe unaotoa unyevu. Ipime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Wiki mbili zikipita uzito haujashuka, mbao iko tayari. Mbao iliyonunuliwa masika na kuchongwa wiki hiyohiyo itapasuka kaskazi likianza kuvuma, na itapasuka penye uchungu zaidi: kwenye kiungo cha bawa.

Kiwiliwili

Gandisha vile vipande viwili ubavu kwa ubavu kwa gundi ya mbao, uvibane kwa jiliwa usiku mzima. Mstari wa gundi ndio mstari wako wa kati, na randa haiwezi kuufuta. Faida yake ni kubwa: kila mara unapochonga upande mmoja zaidi ya mwingine, mstari unakuonyesha.

Chora umbo la ubavuni juu ya ubavu wa gogo, likate kwa msumeno mwembamba, uache milimita 2 nje ya mstari. Sasa, mbao ikiwa bado ina pembe nne, kata nafasi ya bawa chini ya tumbo na utoboe matundu ya skrubu. Watu wengi hungoja mpaka kiwiliwili kiwe cha mviringo, kisha hawana tena uso wa kuwekea guni, na bawa hukaa limepinda. Weka guni kwenye mstari wa kati, chora mistari miwili ya kuvuka, kata kwa msumeno mpaka kwenye kina, toa kilichobaki kwa patasi pana. Chimba pia matundu mawili ya kukaa nati za milimita 4, uzigandishe kwa gundi ya epoksi. Bawa litafungwa kwa skrubu kutoka chini, na hilo litakufaa siku ya kusafirisha.

Kisha chora umbo la juu, ulikate. Utakuwa na gogo lenye umbo sahihi kwa pande mbili lakini bado lina pembe. Kata vigezo vitano vya kadibodi: penye pua, penye chumba cha marubani, penye kilele cha nundu, nyuma tu ya nundu, na kabla ya mkia. Chonga kwa patasi mpaka kila kigezo kikae bila mwanga kupita. Malizia kwa tupa ya nusu mviringo, halafu msasa namba 80, 120, 240.

Nundu inataka subira. Chonga nundu katika gogo hilohilo. Usiitengeneze peke yake uje kuibandika. Nundu iliyobandikwa, hata kwa gundi kali, huonyesha mstari mwembamba baada ya misimu miwili, kwa sababu chembe za vipande hivyo viwili hazivimbi na kunywea sawasawa. Mbele huanza mara tu juu ya kioo cha marubani, na uso wake wa mbele unainuka ghafla, kwa kuwa hapo ndipo mtutu wa bunduki ya mbele ulipotokea. Huko nyuma huishia kwenye uwazi wa bunduki ya pili. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuulainisha mteremko wa mbele mpaka nundu ikawa kilima kirefu. Mchongaji anapenda mstari unaotiririka, na mkono unampeleka huko bila yeye kujua. Zuia. Pima kilele chake kwenye mchoro kwa bikari, weka alama ya penseli, na usiguse mbao juu ya alama hiyo mpaka pande zote mbili zimekamilika. Mwisho toboa tundu la mbele utie kijiwaya cha shaba kutoka ndani ya kebo ya umeme, unene wa nusu milimita, kiwe mtutu wa bunduki ya Breda-SAFAT ya milimita 12.7.

Kifuko cha tumboni ni kipande cha peke yake. Kichonge, ukitie msumari mdogo usio na kichwa kama kigingi, ukigandishe kwenye kiwiliwili pekee, kisiguse bawa.

Bawa

Mabawa ya SM.79 yameinuka nyuzi 2 na dakika 15. Kwenye mfano wetu ncha iko juu ya kiungo kwa karibu milimita 8. Ni kidogo, lakini ukiipuuza ndege huonekana imeinamisha mabega. Kata mwisho wa ndani wa kila kipande mshazari, upande wa juu upungue milimita 0.7 kuliko wa chini. Toboa matundu mawili kila upande, utie vipande vya spoku ya baiskeli vya milimita 60 vilivyopindwa kidogo katikati, na epoksi. Kwa ukaguzi, laza bawa moja mezani likae sawasawa. Ncha ya jingine iinuke milimita 16 hadi 17. Gundi ikiwa bado mbichi unaweza kurekebisha kwa kuweka kijiti chini ya ncha.

Baada ya siku nzima, kata umbo la juu, kisha chonga unene. Upande wa chini ubaki karibu bapa, wa juu uwe na mgongo ulio mnene kwenye theluthi ya mbele. Ncha zipungue unene polepole. Ukingo wa nyuma uache milimita 1. Chini ya hapo saipras hubanjuka ukiigusa kwa kidole tu.

Usichore misumari ya ripiti wala mistari ya mabati juu ya mabawa. Bawa la ndege hii lilikuwa la mbao, lenye mihimili mitatu na ngozi ya plaiwudi, laini kabisa. Kiwiliwili chake kilikuwa fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, sehemu ya mbele ikafunikwa duralumini (aloi ya alumini) na sehemu kubwa ya nyuma kitambaa. Kwa hiyo mistari ya mabati, ukiipenda, iwe mbele tu na mepesi. Usukani wa mkia na vibawa vinavyosogea vilifunikwa kitambaa, na mbavu zake zilionekana: gandisha uzi wa kushonea kila baada ya milimita 6 hivi, upitishe rangi mbili juu yake, na msasa namba 400 kidogo.

Injini na pangaboi

Injini zilikuwa Alfa Romeo 126 RC.34, silinda 9 zilizopangwa duara, nguvu za farasi 780 kila moja. Kereza kijiti cha mduara wa karibu milimita 29, ulinganishe na mchoro wako, na ukate vifuniko vitatu kutoka kijiti hichohicho ili vifanane. Chimba mbele kina cha milimita 6. Ndani weka kisahani cha plaiwudi chenye vijiti 9 vya meno, kila kimoja nyuzi 40 kutoka kwa jirani yake, ukivizungushia uzi mweusi vifanane na silinda zenye mapezi ya kupoza.

Pangaboi zina panga tatu. Kata kwa mkasi wa bati kutoka kipande cha alumini cha unene wa milimita 1, sufuria kuukuu inafaa. Pinda kila panga kwa koleo, zote upande mmoja. Magurudumu yakate kwenye champali nyeusi kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo. Miguu yake ni spoku. Kama ndege itawekwa juu ya fimbo ikiruka, acha magurudumu, kwani hukunjwa kurudi nyuma ndani ya vifuniko vya injini za pembeni. Chora milango yake tu.

Vioo vya marubani: chonga kalibu ya mbao yenye umbo la ndani ya kioo, iingize ndani ya chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, uipitishe juu ya jiko la makaa, sentimita 20 hivi, ukiizungusha. Plastiki hunywea na kuikumbatia kalibu. Joto likizidi hugeuka nyeupe kama maziwa, na hiyo haina dawa. Anza na chupa nyingine.

Rangi

Pwani hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Funika mbao kwanza na sanding sila iliyochanganywa na thina nusu kwa nusu, mara tatu, na msasa namba 240 kati ya kila mara. Usisahau nafasi ya bawa ndani na matundu ya skrubu. Mbao iliyozibwa nje tu huvuta unyevu kupitia tundu lisiloonekana.

Sila na rangi za thina hupata ukungu mweupe zikipakwa hewa ikiwa na unyevu mwingi. Thina ikiyeyuka haraka hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani hugeuka maji juu yake kabla rangi haijakauka. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ya jua, si baada ya mvua wala usiku. Ukungu ukitokea, subiri siku kavu upitishe thina tupu kwa brashi laini mara moja. Mara nyingi huondoka. Na usipake rangi ya thina juu ya rangi ya mafuta, hukunjamana yote. Rangi ya mafuta juu ya ile ya thina haina tatizo.

Kwa rangi ya mchanga ya juu, changanya sehemu 6 za nyeupe, 3 za manjano, 1 ya kahawia. Juu yake madoa ya kijani: kijani sehemu 4, kahawia 1, nyeusi tone. Chini, kijivu hafifu. Madoa yapigwe kwa kipande cha sponji kikavu, yawe madogo na kingo zisizo kali. Yakiwa makubwa unapata twiga. Jaribu kila mchanganyiko juu ya kibao uungoje ukauke, maana manjano hukolea ikikauka.

Karibu na mkia pana mkanda mweupe unaozunguka kiwiliwili, na tangu 1940 usukani wa mkia ulibeba msalaba mweupe wenye ngao ya ufalme wa Savoia. Juu na chini ya mabawa palikuwa na duara lenye mafungu matatu ya fimbo na shoka, alama ya utawala wa kifashisti wa Mussolini. Kwa mfano wa shule au makumbusho, iweke, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa na mwanafunzi anapaswa kuiona. Kwa pambo la sebuleni, msalaba na mkanda vinatosha kuitambulisha ndege, na sisi hatuoni haja ya zaidi.

Torpedo, kama mteja anaitaka, ni kijiti cha milimita 9 chenye urefu wa karibu 110, kikining'inia chini ya tumbo. Moja. Septemba 1940 SM.79 za namna hii ziliipiga meli ya kivita Kent ya Uingereza karibu na Bardia, na ndizo zilizoipa ndege hii sifa kuliko mabomu yake.

Kitako na safari

Fimbo ya shaba ya milimita 5 inatosha. Tafuta mizani ya ndege kwa kuiweka juu ya vidole viwili chini ya mabawa, weka alama isipoinama mbele wala nyuma, na utoboe hapo.

Mfano unaokwenda Italia utakaa nyumba yenye hita wakati wa baridi, hewa kavu kuliko kaskazi letu lolote. Kwa kazi ya namna hiyo, kabla ya kugandisha zile nusu mbili za kiwiliwili, chimba ndani yake uache kuta za milimita 10, isipokuwa penye nati, pua na mkia. Mbao nyembamba hunywea bila kupasuka. Fungua skrubu, toa bawa, ling'oe pangaboi la pua (liwe limekaa kwa msumari, si kwa gundi), na funga kila kipande peke yake kwa kitambaa cha pamba. Usitumie karatasi ya plastiki kugusa rangi iliyo chini ya wiki tatu, itaacha alama zake. Tia mfuko mdogo wenye skrubu mbili za akiba na bisibisi fupi inayoziingia, ufunge kwa uzi kwenye fimbo ya kitako.